Picha ya kifua imetoka safi, mbona mume wangu bado anahema?

*Shikamoo Daktari. Mimi ni Mama Salehe wa Ngamiani, Tanga. Mume wangu alikuwa mwanajeshi, sasa amestaafu, ana miaka 49. Alikwenda misheni ya kulinda amani mara mbili, kwanza Darfur, baadaye Kongo upande wa Goma. Tangu arudi kutoka Kongo anakohoa alfajiri, kikohozi kikavu, na pumzi inamkatika. Zamani alinipakia kwenye keria kutoka Ngamiani mpaka Raskazone bila kusimama, leo akiwa peke yake anashuka njiani mara mbili. Alipigwa picha ya kifua tukaambiwa iko safi, hana TB, labda ni mawazo ya vita. Mwenyewe anasema kambini taka zilichomwa nyuma ya mahema na jenereta zilinguruma usiku kucha. Nimesikia wanajeshi wa Marekani wanalipwa kwa sababu ya moshi wa namna hiyo. Je, moshi unaweza kumdhuru mtu miaka mingi baada ya kuuacha? Na moyo je? Presha yake siku hizi iko juu na ameanzishiwa vidonge. Jioni huwa tunachoma mishkaki ya kuuza pamoja, na hapo ndipo ninapoona anavyohema.*

Marahaba, Mama Salehe. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimerudi kwenye ile sentensi ya mwisho, ya mishkaki, ambayo umeiweka kama nyongeza tu. Nitaifikia. Tuanze na hiyo picha, kwa sababu ndiyo iliyowafungia mlango.

Picha ya eksirei ni kivuli. Miale hupita penye hewa na kuzuiwa penye kitu kizito: mfupa, maji, usaha, uvimbe, kovu kubwa. Kwa hiyo inafaa sana kutafuta nimonia, TB iliyokwisha kula sehemu ya pafu, maji yaliyojaa kifuani, au moyo uliotanuka. Lakini haioneshi hewa inavyotembea. Chukua baiskeli ya Baba Salehe, iegemeze ukutani, uipige picha kwa simu. Utaona magurudumu mawili, usukani na keria. Hutaona kwamba breki ya nyuma inasugua rimu. Hilo utalijua ukipanda. Na mumeo amepanda, amekwambia inasugua, akajibiwa kwamba picha ni nzuri.

Mtu mwenye pumu anaweza kupigwa picha leo ikatoka safi kabisa na usiku akalazwa kwa kukosa pumzi. Wenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule ambao sisi madaktari tunauita COPD, huwa na picha ya kawaida kwa miaka mingi ya mwanzo. Kwa hiyo aliyesoma picha hakukosea. Kosa ni kusimama hapo.

Sasa hao Wamarekani. Uliyoyasikia ni kweli, ila yana sehemu mbili na watu huzichanganya.

Sehemu ya kwanza ni ya kitabibu. Baada ya vita vya Iraq na Afghanistan, wanajeshi wa kambi moja kubwa huko Kentucky walianza kushindwa mbio za maili mbili, yaani kilomita 3 na kitu, ambazo kabla ya kuondoka walikuwa wakizimaliza bila taabu. Vijana, wengi wao bila ugonjwa wowote unaojulikana. Walipelekwa kwa madaktari wa chuo kikuu cha Vanderbilt, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Kati ya wanajeshi 80 waliochunguzwa, 49 walikatwa kipande kidogo cha pafu, na 38 kati yao wakakutwa na bronkiolitisi ya kubana: vile vijia vidogo kabisa vya hewa, vyembamba kuliko njiti ya kibiriti, vimepata kovu na kusinyaa. Wengi wao mwaka 2003 walikuwa karibu na moto wa mgodi wa salfa wa Al-Mishraq, jirani na Mosul, uliowaka kwa wiki kadhaa. Na hili ndilo ninalotaka ulishike: kati ya hao 38, picha za kifua za 37 zilikuwa za kawaida.

Sikwambii kwamba mumeo ana ugonjwa huo. Ni ugonjwa wa nadra, na kumkata mtu pafu ili kuutafuta si jambo la kukimbilia. Nakwambia tu kwamba mwanaume aliyeshuka kwenye baiskeli mara mbili ametoa ushahidi wenye uzito kuliko ile karatasi nyeusi iliyo kwenye bahasha.

Sehemu ya pili ni ya sheria. Katika kambi nyingi za Iraq na Afghanistan taka zilichomwa kwenye mashimo ya wazi: plastiki, matairi, betri, makopo ya rangi, mabaki ya chakula, taka za hospitali, vyote pamoja, na mafuta ya ndege ndiyo yaliyowashia. Shimo la kambi ya Balad, kaskazini ya Baghdad, kuna wakati lilichoma zaidi ya tani 100 kwa siku. Baada ya miaka ya mabishano, Agosti 2022 Rais Joe Biden alitia saini sheria iitwayo PACT. Kwa sheria hiyo, mwanajeshi aliyetumikia maeneo yaliyotajwa akapata ugonjwa ulio kwenye orodha, kama pumu iliyoanza baada ya utumishi, COPD, bronkiolitisi ya kubana au baadhi ya saratani, hadaiwi tena kuthibitisha kwamba moshi wa kambini ndio chanzo. Serikali inakubali tangu mwanzo.

Kukubali kwa namna hiyo ni uamuzi wa haki, na mimi nauona mzuri, lakini si sawa na kuthibitisha maabara. Wataalamu wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani walipopitia tafiti zote mwaka 2020, walisema ushahidi unaelekea kuonesha kwamba kutumikia huko kunahusiana na kikohozi cha kudumu, kukatika pumzi na kifua kulia. Kwa magonjwa yenyewe yenye majina, walisema ushahidi bado hautoshi. Miaka kadhaa kabla, mwaka 2009, uchunguzi wa wanajeshi zaidi ya 46,000 ulionesha kwamba asilimia 14 ya waliopelekwa vitani walipata dalili mpya za kifua, na asilimia 10 ya waliobaki nyumbani nao walizipata. Mwaka 2024 ikatoka hesabu nyingine ya wanajeshi zaidi ya 400,000: kadiri mtu alivyokaa siku nyingi kwenye kambi yenye shimo la moto, ndivyo pumu, COPD na presha zilivyoongezeka, lakini kwa kiasi kidogo.

Utaniuliza, kidogo ni kidogo gani, mbona mume wangu anahema sana? Ukihesabu watu laki nne, walio wazima kabisa wanawafunika wachache walioumia vibaya. Wastani haupandi baiskeli. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, moshi unaweza kuacha alama inayobaki miaka mingi. Kama ndio uliomwachia alama huyu mmoja, hilo takwimu haziwezi kulijibu, linajibiwa kwa kumpima yeye.

Na hapo tuseme ukweli kuhusu alikokuwa. Darfur haikuwa na shimo la Balad, ilikuwa na vumbi. Upepo wa haboob huinua ukuta wa mchanga unaofunika jua mchana, na sehemu ya vumbi hilo ni chembe laini mno zinazopita puani bila kuhisiwa. Ongeza jenereta za dizeli. Kambi ya misheni haina nguzo za umeme wa gridi, taa, redio, majokofu na pampu za maji vyote vinaendeshwa na jenereta, na mara nyingi mahema ya kulala hayako mbali nazo. Moshi wa dizeli ulitiwa kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 2012 na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa. Goma nako kuna kitu ambacho hata Balad haikuwa nacho: volkano. Nyiragongo ilimwaga lava mpaka ndani ya mji Januari 2002, ikalipuka tena Mei 2021, na hata siku ambazo hailipuki, yeye na jirani yake Nyamulagira hutoa gesi ya salfa kwa wingi. Gesi hiyo hubana njia za hewa, hasa kwa mwenye dalili ya pumu. Watu wa kule wana neno mazuku, upepo mbaya, kwa ile hewa ya kaboni dioksidi inayotuama mabondeni na kuua mbuzi, hata watu waliolala chini. Muulize Baba Salehe kama analijua. Nina hakika analijua.

Usisahau na mwili wa askari mwenyewe. Mtu aliyekaa barazani anavuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Akipanda kilima na begi, silaha na deraya ya kifuani, anafika lita 40, 60, hata zaidi, na anavuta kwa mdomo, hivyo lile chujio la pua limerukwa. Hewa ileile chafu, lakini yeye amekunywa ndoo nzima pale raia aliyekaa alipokunywa kikombe.

Hukusema kama anavuta sigara. Wake za wanajeshi hulisahau hilo mara nyingi kwenye barua, na wanajeshi wengi huanzia au hurudia kuvuta huko huko misheni, usiku wa lindo. Kama anavuta, hata tatu kwa siku, hilo peke yake linaweza kuwa na uzito kuliko Darfur na Goma kwa pamoja.

Sasa moyo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wakisikia moshi hufikiria mapafu tu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafu wa hewa ya nje ulisababisha vifo vya mapema milioni 4.2 mwaka 2019. Ukivigawa kwa mafungu ya mia, 68 ni vya moyo kukosa damu na kiharusi, 14 ni vya COPD, 14 vya nimonia na maambukizi mengine ya kifua, 4 vya saratani ya mapafu. Hebu ziangalie tena. Moshi unaingia puani, lakini zaidi ya nusu ya wanaokufa wanakufa kwa moyo na mishipa.

Vipi? Unywele wa kichwani una unene wa mikroni 50 hadi 70. Chembe tunazoziogopa, za PM2.5, ni mikroni 2.5 au chini ya hapo, yaani zipange ishirini na zaidi ndipo zifikie upana wa unywele mmoja. Chembe kubwa hunaswa na pua na makohozi, unazipenga au unazitema. Hizi ndogo zinateremka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya pafu, ambako ukuta kati ya hewa na damu ni mwembamba kuliko utando wa kitunguu. Pafu linajua limevamiwa, linaita askari wake, na vita hivyo havibaki palepale: kemikali za uvimbe zinamwagika kwenye damu na kuzunguka mwili mzima. Mishipa inakaza, presha inapanda. Damu inakuwa rahisi kuganda. Mafuta yaliyokwisha kujibandika kwenye kuta za mishipa ya moyo yanachokonoka. Zile chembe ndogo zaidi ya zote zinaweza kuvuka ukuta wenyewe zikaingia kwenye damu. Wakati huohuo mishipa ya fahamu ya kwenye pafu inaupigia moyo kengele, nao unabadili mwendo. Haya si mambo ya miaka ishirini tu. Mji ukifunikwa na moshi mzito, wagonjwa wa moyo huongezeka hospitalini ndani ya siku mbili tatu.

Kwa hiyo ukiniambia anahema na presha iko juu, mimi sisikii habari mbili.

Nina sababu yangu ya kulisisitiza hili. Nilipokuwa daktari mchanga, kwenye hospitali ambayo sitaitaja, alikuja mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashine za kukamua mkonge. Anakohoa usiku, kifua kinalia. Nikaona vumbi la mkonge, nikaona kifua, nikampa pampu ya pumu. Akarudi mara tatu, kila mara nikaongeza dawa. Safari ya nne muuguzi mmoja, mama mtu mzima, akaniambia, "Daktari, umetazama miguu yake?" Nilipobonyeza kwa kidole juu ya kifundo, shimo lilibaki. Ulikuwa moyo. Moyo ulikuwa umechoka, maji yanarudi kwenye mapafu kila akilala chali. Miezi mitatu nilikuwa natibu moshi wakati pampu ya damu inazama.

Basi nawe kagua haya leo usiku. Anatumia mito mingapi? Akilala chali anazidiwa, anaamka kukaa kitandani kutafuta hewa? Soksi zikivuliwa jioni zinaacha alama ya kina, na ukibonyeza mbele ya mfupa wa mguu shimo linabaki? Akipanda baiskeli, anachoshindwa ni pumzi peke yake, au kuna kubanwa kifuani katikati, kama mtu aliyemwekea tofali, kunakoachia akisimama? Hilo la tofali likiwepo, msisubiri kipimo kingine chochote, aende hospitali siku hiyohiyo.

Kuna kitu kingine barua yako imenidokeza. Umesema ameanzishiwa vidonge vya presha. Tazama jina kwenye paketi. Kama linaishia na "pril", mfano captopril, enalapril au lisinopril, dawa hizo ni nzuri kwa moyo, lakini karibu mtu mmoja kati ya kumi wanaozitumia hupata kikohozi kikavu cha kukera, ambacho dawa yoyote ya kikohozi haikigusi na ambacho huisha wiki chache baada ya kubadilishiwa. Wewe unasema kikohozi kilianza aliporudi kutoka Kongo, na vidonge ni vya juzi, kwa hiyo huenda si chanzo. Lakini vinaweza kuwa vimekiongezea nguvu. Na kama ni propranolol au atenolol, na ana chembe ya pumu, hizo zinaweza kukibana kifua zaidi. Asiache mwenyewe, tafadhali. Dawa ya presha ikiachwa ghafla ni hatari kuliko kikohozi. Apeleke paketi kwa daktari amwambie abadilishe.

Sasa tufike kwenye mishkaki.

Naijua hiyo biashara, nami ni mlaji. Jiko la bati, mkaa, ungo wa kupepea au feni ndogo ya betri, mchomaji ameinamia nyama usoni. Anageuza mishikaki kwa vidole, mafuta yanadondokea kwenye makaa, tsss, moshi wa buluu unapanda moja kwa moja mpaka puani. Muda wa saa nne kila jioni, siku sita kwa wiki. Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu 2021 kwamba wastani wa mwaka wa PM2.5 usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Mtu aliyeinamia jiko la nyama linalotoa moshi anavuta mamia kwa muda huo. Mkaa wenyewe, hata ukiwaka bila moshi, unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Moyo unalazimika kukimbia zaidi ili mwili upate hewa ileile. Halafu unaniambia ni pale ndipo anapohema.

Na mkaa mnauwashaje? Sikusingizii, ila Tanga nzima naona watu wakiwashia mifuko ya nailoni, chupa za plastiki, kipande cha ndala, wengine kipande cha tairi kwa sababu kinashika haraka. Mama Salehe, plastiki iliyowashwa chini ya mkaa ni shimo la Balad limetiwa kwenye karai. Kemikali zilezile, dioksini, benzini, chembe za masizi, kwa kiasi kidogo lakini sentimita arobaini kutoka usoni. Hali kadhalika taka za uani zikifagiwa asubuhi na kuchomwa pamoja na mifuko. Mtu aliyelala miezi kadhaa kwenye mahema yenye moshi nyuma yake amerudi nyumbani akakuta moshi umemtangulia.

Sisemi mfunge biashara. Watoto wanakula hapo. Ila kuna mambo yanayowezekana wiki hii bila shilingi nyingi. Washeni kwa vifuu au vijiti vikavu, na mwashe kabla, mkaa ukolee mpaka uwe na majivu meupe ndipo nyama iwekwe. Kateni mafuta ya ziada kwenye nyama, kwa sababu moshi mwingi ni mafuta yanayodondoka, si nyama. Nunueni koleo refu. Kama jiko liko ndani ya kibanda chenye mapazia ya turubai, litoeni nje, na mchomaji asimame upande upepo unakotokea, sio unakoelekea. Tanga tuna bahati ya bahari, kusi na kaskazi zote zina kawaida yake, na mtu aliyekulia Ngamiani hahitaji kufundishwa upepo unatoka wapi. Na kwa sasa, mpaka apimwe, asiwe yeye anayepepea. Apokee pesa, akatekate nyama, akae mbali. Barakoa ya kitambaa haisaidii kwa chembe ndogo hizi. Za N95, zile za kuchuja chembe ndogo, zinasaidia zikikaza vizuri, lakini kwa mtu anayehema tayari ni mateso, simshauri.

Mkiweza baadaye kuhamia gesi kwa kukaanga na kuchemsha nyumbani, itakuwa nafuu kwako pia. Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, lakini mtungi nao una bei yake, nalijua hilo.

Tuje kwenye vipimo, na hapa nitakwenda haraka. Cha kwanza ni spirometri: anapuliza kwa nguvu zake zote kwenye bomba, mara tatu au zaidi, kisha anapewa dawa ya kufungua kifua kwa pampu, anasubiri dakika kama 15, anapuliza tena. Mtu mzima mwenye njia za hewa zilizo wazi hutoa zaidi ya asilimia 70 ya pumzi yake yote ndani ya sekunde ya kwanza. Akitoa pungufu na dawa ikamfungua sana, tunafikiria pumu. Asipofunguka, tunafikiria COPD. Ikiwa kawaida kabisa na bado anashuka kwenye baiskeli, hapo ndipo daktari wa kifua anapofikiria vile vijia vidogo na kuomba CT, yaani picha ya kifua ya vipande vipande. Pamoja na hayo apimwe presha kwa siku kadhaa, ECG (umeme wa moyo), eko ya moyo (picha ya mawimbi ya sauti), wingi wa damu na sukari. Na makohozi yapimwe TB kwa mashine ya GeneXpert hata kama picha ni safi. Yeyote anayekohoa zaidi ya wiki mbili tunampima, na huyu ameishi kambini miezi mingi na watu wengi chini ya paa moja. Kama kikohozi ni kikavu, asubuhi avute pumzi ndefu mara kadhaa, kwa kawaida kitu kinatoka. Anzieni hospitali ya Bombo hapo Tanga. Kipimo cha pumzi kisipopatikana ombeni rufaa ya Muhimbili, na eko ikionesha tatizo kuna taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete hapohapo. Kama faili lake la zamani liko hospitali ya jeshi ya Lugalo, lifuatilieni, kwa sababu hapo kuna vipimo alivyofanyiwa kabla ya kuondoka, na kulinganisha alivyokuwa na alivyo ni thamani kuliko namba ya leo peke yake.

Kuhusu mawazo ya vita. Aliyewaambia hivyo pengine hakuwa na nia mbaya, na si jambo la kulitupa. Aliyeona aliyoyaona, haswa walinda amani wetu waliozika wenzao Darfur na Kongo, anaweza kuamka usiku moyo ukidunda na pumzi fupi. Hilo nalo lina tiba, na lenyewe hupandisha presha. Lakini ni jibu la kufikiwa baada ya vipimo, halipaswi kuwa la kwanza. Na mara nyingi mtu ana vyote viwili.

Malipo kama ya Wamarekani siwezi kukuahidi. Ninachoweza kukuambia ni kwamba popote duniani askari aliyesikilizwa ni yule aliyekuwa na maandishi. Nunua daftari la kurasa 40. Akae na wewe jioni moja, aandike mwaka na mwezi wa kwenda na kurudi, jina la kambi, hema lilikuwa hatua ngapi kutoka kwenye jenereta, taka zilichomwa wapi na mara ngapi, upepo ulivuma upande gani, lini kikohozi kilianza, nani mwingine kwenye kikosi alikohoa. Sigara nazo aziandike, bila aibu. Mpe nakala daktari aiingize kwenye faili.

Akitema damu, midomo ikibadilika kuwa ya buluu, maumivu ya kifua yakija na jasho, au uso ukapinda upande mmoja na maneno yakakwama, hapo hakuna daftari wala miadi, ni bajaji ya kwanza itakayopita.

Baiskeli asiiache. Aipande asubuhi, barabara ikiwa bado tupu na majiko ya vitumbua hayajakolea, taratibu, mpaka pale anapoweza kuongea sentensi nzima bila kukata, halafu ageuze. Aandike kwenye daftari amefika wapi: kesho tutakuwa na kitu cha kulinganisha. Siku ya kipimo cha pumzi asivute sigara, asishibe sana, na kama amepewa pampu ya buluu ya kufungua kifua asiitumie kwa muda wa saa sita kabla ya kipimo, isipokuwa amezidiwa. Na jioni hiyo mishkaki achome Salehe, upande upepo unakotokea.